Farasi wa g5: namna ya kuuelewa mkondo wa ufunguzi wa chesi na kuupima kwa matokeo

Wachezaji wengi wa chesi huchagua ufunguzi kwa kukariri hatua kumi za mwanzo, kisha kuangalia asilimia ya ushindi kwenye kanzidata na kuridhika nayo. Asilimia hiyo ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu ina sura ya jibu kamili ilhali ni wastani wa michezo isiyofanana hata kidogo. Mwongozo huu unachukua mkondo mmoja maarufu na kuuchambua hatua kwa hatua: kete zinataka nini, mahali gani njia inagawanyika, takwimu zinasomwaje, na utajuaje kama mkondo huo unakufaa wewe mwenyewe.

Mkondo wenyewe ni 4.Ng5 katika Ulinzi wa Farasi Wawili:

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5

Herufi ni zile zile zinazotumika kwenye programu nyingi za chesi: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, askari hana herufi. Nukta tatu baada ya namba, kama 4...d5, zinaonyesha hatua ya Mweusi. Alama ya x ni kula, + ni sheki, na O-O ni mfalme kujificha upande wa karibu pamoja na ngome yake. Ukiwa na ubao karibu, upange sasa.

1. Cheza hatua zote kwa mkono, na uhesabu nani amelipa nini

Zima injini kwanza, yaani programu ya kompyuta inayotathmini nafasi. Injini itakupa tarakimu kabla hujaelewa swali.

Baada ya 4.Ng5, mraba wa f7 unashambuliwa na askofu wa c4 na farasi wa g5, na anayeulinda ni mfalme peke yake. Mweusi hana kete ya pili ya kuuongezea ulinzi kwa haraka bila kujiumiza, hivyo anaikata njia ya askofu: 4...d5. Mweupe anakula, 5.exd5, na hapo ndipo penye njia panda ya mkondo mzima. Tutairudia. Kwanza twende na jibu ambalo wachezaji wakubwa hulichagua zaidi:

5...Na5 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 8.Be2 h6 9.Nf3 e4 10.Ne5 Bd6

Simama hapo. Hesabu hatua kumi za Mweupe zimeendea nini. Tatu ni za askari mmoja aliyetoka e2, akala d5, akala c6, kisha naye akaliwa. Nne ni za farasi mmoja: f3, g5, f3 tena, e5. Tatu ni za askofu: c4, b5, e2. Yaani baada ya hatua kumi Mweupe ana kete mbili tu nje na mfalme bado yuko katikati. Alichopata ni askari mmoja wa ziada: ana saba, Mweusi ana sita.

Sasa mtazame Mweusi. Farasi wa f6 yuko mahali pake, askofu wa d6 anamkodolea macho farasi wa e5, askari wa e4 anambana Mweupe, na malkia ana njia ya kwenda c7. Kasoro yake ni mbili: farasi wa a5 amekaa pembeni bila kazi, na askari wa a7 na c6 wamebaki kila mmoja peke yake, hawana jirani wa kuwalinda.

Ukishafanya hesabu hiyo, mkondo unaelezeka kwa sentensi moja: Mweupe amenunua askari kwa kulipa muda, na Mweusi amenunua muda kwa kulipa askari. Kila swali litakalofuata, likiwemo la takwimu, ni swali la nani kati yao anajua kukitumia alichonunua. Kama huwezi kuandika sentensi ya namna hiyo kuhusu ufunguzi unaoucheza, bado hujauelewa, hata kama umekariri hatua ishirini.

2. Andika mpango wa kila upande kwa maneno ya kawaida

Mchezo mara nyingi unaendelea 11.d4 exd3 12.Nxd3 Qc7. Askofu wa d6 na malkia wa c7 sasa wako kwenye ulalo mmoja na wote wanaielekea h2. Mweupe akijificha O-O bila kufikiri, anamkaribisha adui mlangoni, ndiyo maana utaona wengi wanacheza 13.h3 au 13.b3 kwanza.

Mpango wa Mweupe: abadilishane kete, hasa malkia. Kila kete inayotoka ubaoni inapunguza ukali wa Mweusi na kumfanya askari wa ziada awe mzito. Mwisho wa mchezo, a7 na c6 ni chakula.

Mpango wa Mweusi: asibadilishane malkia bila sababu. Ajifiche O-O, alete ngome e8, askofu mwingine aende f5 au a6, halafu amtafutie kazi yule farasi wa a5. Huyu ndiye anayeamua michezo mingi ya mkondo huu. Mara nyingi anarudi kupitia b7, au Mweusi anasukuma c5 ili farasi apate c6. Mweusi akimsahau farasi huyu mpaka hatua ya 20, ni kama anacheza akiwa na kete moja pungufu, na juu ya hapo ana askari pungufu.

Siegbert Tarrasch, aliyekuwa mwalimu mkali wa kanuni za ufunguzi, aliidharau 4.Ng5 waziwazi na kuiita hatua ya mchezaji asiyejua kazi, kwa kuwa inaisogeza kete moja mara mbili kabla nyingine hazijatoka. Alikuwa na hoja. Lakini kanuni ile ile ya kutoa kete nje haraka inamhukumu pia farasi wa a5, na hapo ndipo kanuni za jumla zinapoishia na hesabu ya ubao huu mahususi inapoanza.

3. Tafuta njia panda, na kila tawi ulipe jina lake

Hapa ndipo watu wengi wanaharakisha, nami ningekusihi utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Rudi kwenye 5.exd5. Mweusi anayecheza kwa mazoea anakula: 5...Nxd5. Ni hatua ya asili kabisa, farasi anakwenda katikati, askari amerudishwa. Ndipo Mweupe anatoa kafara: 6.Nxf7, farasi akiwa ameshika malkia wa d8 na ngome ya h8 kwa pamoja. Mfalme analazimika kula, 6...Kxf7, kisha 7.Qf3+. Malkia anampa mfalme sheki na papo hapo anamtazama farasi wa d5.

Ona sasa ugumu wa Mweusi. Akikimbilia 7...Kg8, anapigwa 8.Bxd5+ na mchezo umekwisha: 8...Qxd5 9.Qxd5+ Be6 10.Qxe6, mfalme amefungwa. Akirudi 7...Ke8, 8.Bxd5 inamrudishia Mweupe kete yake huku malkia akitishia kumfunga mfalme kwenye f7. Kilichobaki ni 7...Ke6, mfalme akitembea katikati ya ubao kumlinda farasi. Baada ya 8.Nc3 farasi wa d5 anashambuliwa na kete tatu na hawezi kuondoka, kwa sababu askofu wa c4 anamtazama mfalme kupitia kwake. Mweusi ana njia mbili za maana, 8...Ncb4 au 8...Nce7. Ana kete moja zaidi, lakini mfalme wake yuko e6 na Mweupe anakuja na d4, O-O na ngome kwenye e1.

Tawi hili linaitwa Ini la Kukaanga, na lilichezwa Italia tangu enzi za Giulio Cesare Polerio, miaka zaidi ya mia nne iliyopita. Kuna pia 6.d4 badala ya 6.Nxf7, inayobeba jina la Lolli, Mtaliano mwingine wa karne ya 18. Wachambuzi wengi wanaiona ni kali zaidi kwa sababu inafungua katikati kabla ya kafara. Binafsi ningemshauri anayecheza Mweupe aijue hii ya Lolli vizuri, maana wapinzani waliojiandaa kwa Ini la Kukaanga mara nyingi hawajaifikia.

Matawi mengine ya Mweusi uyajue kwa majina na kwa picha, bila kuzama:

4...Bc5 ni ya Traxler, padri wa Kicheki aliyeicheza dhidi ya Reinisch mwaka 1890. Mweusi haulindi f7 kabisa. Mweupe akila kwa farasi, 5.Nxf7, anapigwa 5...Bxf2+ na ubao unawaka moto. Akila kwa askofu, 5.Bxf7+ Ke7, kisha kumrudisha askofu b3 au d5, anapata nafasi tulivu zaidi yenye askari wa ziada. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa asiyependa kubahatisha.

5...Nd4 na 5...b5 ni njia za pembeni zinazohitaji kumbukumbu nyingi. Uzijue zipo.

Na baada ya 5...Na5 Mweupe naye anaweza kutoka njiani kwa 6.d3, akimwacha askofu aliwe. Utakutana nayo mara nyingi kwenye michezo ya kawaida kuliko vitabu vinavyokuandaa. Jibu zuri ni 6...h6 7.Nf3 e4 8.Qe2 Nxc4 9.dxc4 Bc5, na Mweusi ana mchezo mwepesi wa kutosha kwa askari mmoja.

Kwenye hatua ya 8 ya tawi kuu la 5...Na5 6.Bb5+ Mweupe ana chaguzi tatu tofauti: 8.Be2 tuliyoiona, 8.Bd3 na 8.Qf3. Ya 8.Bd3 inachukiza macho, askofu anamzibia njia askari wake wa d2, lakini ina mantiki: anailinda e4, hivyo farasi wa g5 ana pa kwenda. Mweusi anajibu 8...Nd5, malkia wake akifunguka kumtisha farasi, na baada ya 9.Nf3 Bd6 10.O-O Nf4 anamwinda askofu yule wa d3. Ya 8.Qf3 inamfunga askari wa c6: akimla askofu wa b5, ngome ya a8 inaliwa na malkia. Jibu linalopendwa ni 8...Rb8, Mweusi akitoa askari wa pili ili apate muda zaidi.

4. Soma takwimu tawi kwa tawi

Sasa fungua kanzidata. Ya Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, ni ya bure na inatosha: ina sehemu ya michezo ya wachezaji wakubwa iliyochezwa ana kwa ana, sehemu ya michezo ya watumiaji wa kawaida ambayo unaweza kuichuja kwa kiwango na kwa muda wa saa, na sehemu ya michezo ya mchezaji mmoja, ukiwemo wewe.

Kabla ya yote, geuza tarakimu tatu unazoziona kuwa moja. Ushindi ni alama moja, sare ni nusu. Mweupe akiwa ameshinda asilimia 45, sare 10 na kupoteza 45, matokeo yake ni 50.

Halafu uwe na kipimo cha kulinganishia. Hamsini siyo kipimo hicho. Kwa kuwa anaanza, Mweupe kwa jumla hupata karibu 54 katika michezo ya wachezaji wakubwa. Mkondo unaompa Mweupe 51 ni mafanikio ya Mweusi, japo kwa haraka unaonekana kumpendelea Mweupe.

Kosa kubwa linakuja sasa. Mtu anaangalia 4.Ng5, anaona Mweupe ana asilimia nzuri, anaamua ni silaha. Chukua tarakimu za mfano, nimezibuni ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme katika michezo 1,000 ya kiwango fulani, Mweusi alicheza 5...Nxd5 mara 600 na Mweupe akapata 66 kwa 100. Mara 400 zilizobaki Mweusi alicheza 5...Na5 na Mweupe akapata 48. Ukichanganya: 396 na 192 ni alama 588, yaani karibu asilimia 59. Kanzidata itakuonyesha 59 hiyo kwenye 4.Ng5, na haitakuambia kwamba hakuna hata tawi moja linalotoa 59. Kuna tawi la kuvuna na kuna tawi ambalo Mweupe yuko chini ya kawaida yake.

Kwa hiyo usisome asilimia kwenye hatua ya mgawanyiko. Iruke njia panda, uingie ndani ya kila tawi, ndipo usome. Ukicheza Mweusi na umeamua 5...Na5, asilimia ya 4.Ng5 haikuhusu hata chembe. Yako inaanza hatua ya 5.

Zingatia pia kwamba kanzidata nzuri huhesabu nafasi iliyo ubaoni bila kujali ilifikiwaje. Nafasi hii inaweza kufikiwa kupitia 2.Bc4 Nf6 3.Nf3 Nc6, na ukichuja kwa jina la ufunguzi badala ya nafasi unaweza kuikosa sehemu ya michezo.

5. Jiulize takwimu hizo ni za nani, na ni ngapi

Idadi ya michezo ina uzito. Kwa makadirio ya kawaida ya takwimu, michezo 100 inaacha nafasi ya kukosea ya karibu alama 10 za asilimia juu au chini. Michezo 400 inaacha 5. Michezo 25 inaacha 20, ambayo ni sawa na kutojua. Sare zikiwa nyingi, pengo hupungua kidogo. Kwa hiyo ukiona tawi la ajabu lenye michezo 18 na ushindi wa asilimia 70, usilibebe kama siri uliyoivumbua.

Nguvu za wachezaji nazo zinachafua hesabu. Katika mfumo wa Elo, unaopima nguvu za wachezaji kwa alama, anayemzidi mwenzake kwa alama 100 anatarajiwa kupata 64 kwa 100, na anayemzidi kwa 200 anatarajiwa 76. Ikiwa mkondo fulani unapendwa na wachezaji wanaowazidi wapinzani wao kwa alama 50 kwa wastani, wangepata kama 57 hata wakicheza ufunguzi wa hovyo. Ndiyo maana kanzidata bora huonyesha kiwango cha utendaji: wastani wa alama za wapinzani, ukiongezwa au kupunguzwa kulingana na matokeo. Matokeo ya 50 yanakuweka sawa na wapinzani wako, 64 yanakuweka alama 100 juu yao. Kilinganishe kiwango hicho na alama halisi za hao hao waliocheza, na tofauti ndiyo mchango unaoweza kuuhusisha na ufunguzi.

Sehemu ya wachezaji wakubwa na sehemu ya watumiaji wa kawaida zisomwe kama nchi mbili tofauti. Kwa wakubwa, 5...Nxd5 haionekani sana, kwa hiyo takwimu zao za 4.Ng5 karibu zote ni za 5...Na5 kati ya watu waliojiandaa pande zote mbili. Kwa wanaoanza, mchezo mara nyingi unaamuliwa kabla ya hatua ya 10. Chuja kwa kiwango chako na kile cha juu yako kidogo, kwa sababu hao ndio utakaocheza nao miezi ijayo.

Muda wa saa nao una sauti. Kwenye mchezo wa dakika tatu, aliyetoa askari akapata mashambulizi ana kazi nyepesi kuliko anayejilinda. Kwenye mchezo wa saa nzima, mlinzi ana nafasi ya kupata hatua sahihi na yule askari wa ziada anaanza kusema. Usichanganye hizi mbili kwenye hesabu moja.

6. Sasa washa injini, lakini uiulize swali sahihi

Swali lisiwe "nani anaongoza?" Tangu toleo la 15.1 la Stockfish, injini maarufu ya bure, +1.00 ina maana kwamba upande unaoongoza una nafasi nusu kwa nusu ya kushinda katika michezo ya injini kwa injini. Tathmini ya +0.3 au -0.2, zinazojitokeza sana baada ya ufunguzi, kati ya binadamu ni karibu na kelele tu.

Swali lenye faida ni hili: katika nafasi hii, nina hatua ngapi zinazoweza kuchezeka? Weka injini ionyeshe hatua tano bora kwa wakati mmoja, uangalie pengo kati ya ya kwanza na zinazofuata.

Jaribu baada ya 7.Qf3+ kwenye Ini la Kukaanga. Mweusi ana moja tu, 7...Ke6, nyingine zote ni kaburi. Baada ya 8.Nc3 ana mbili. Anatembea juu ya kamba, na atatembea hivyo kwa hatua kadhaa zaidi, ilhali Mweupe mara nyingi ana hatua tatu au nne nzuri za kuchagua. Halafu nenda kwenye nafasi ya 12...Qc7 ya tawi kuu. Pale pande zote mbili zina uchaguzi mpana, na kosa dogo halimwui mtu.

Kipimo hiki cha idadi ya hatua zinazochezeka, kwa maoni yangu, kinatabiri matokeo ya wachezaji wa kawaida vizuri kuliko tathmini yenyewe. Nafasi yenye tathmini sawa lakini inayokudai hatua ya pekee mara nne mfululizo ni nafasi mbaya kwako. Mpinzani wako akiwa ndiye anayedaiwa, ni nzuri kwako hata kama injini inasema sare.

Historia ya mkondo huu inaonyesha pia kwamba hukumu hubadilika. Steinitz, bingwa wa dunia wa karne ya 19, alishikilia 9.Nh3 badala ya 9.Nf3, farasi akirudi ukingoni ili asimpe Mweusi zamu ya bure kwa e4. Aliicheza katika pambano la telegrafu na Chigorin wa Urusi mwaka 1890 hadi 1891, akapoteza, na hatua hiyo ikawekwa kando kwa muda mrefu. Mwaka 1963 Mmarekani Bobby Fischer aliichomoa kabatini dhidi ya mwenzake Bisguier kule Poughkeepsie, Marekani, na akashinda. Aliyekuwa akihesabu matokeo tu mwaka 1962 asingeigusa.

7. Pima michezo yako mwenyewe

Hapa kanzidata ya dunia inaisha kazi. Fungua daftari au jedwali, na kwa kila mchezo wako wa mkondo huu andika mambo matano: rangi yako, hatua ya kwanza iliyotoka nje ya ulichojifunza na nani aliyeitoa, muda uliobaki kwenye saa yako baada ya hatua ya 10, tathmini ya injini kwenye hatua ya 15, na matokeo.

Mstari mmoja wa jedwali unaweza kusomeka hivi: "Mweusi. Yeye alitoka hatua ya 6 kwa d3. Nilibaki na dakika 6 kati ya 10. Hatua ya 15: sawa. Nimepoteza, hatua ya 31 nilimwacha farasi wa a5 aliwe bure."

Safu ya nne na ya tano zikisomwa pamoja zinatoa jibu ambalo asilimia haiwezi kukupa. Ukiwa sawa au mbele kwenye hatua ya 15 na bado unapoteza, ufunguzi hauna hatia, na kubadilisha mkondo hakutakusaidia. Ukiwa nyuma kwenye hatua ya 15 mara kwa mara, angalia safu ya pili: je, mnatoka mahali pamoja kila mara? Basi tatizo ni tawi moja tu, na dawa yake ni jioni moja ya kukaa na tawi hilo. Safu ya saa nayo isidharauliwe. Anayetumia nusu ya muda wake kufikia hatua ya 10 ya mkondo alioukariri hakuuelewa, aliukumbuka kwa taabu.

Mstari wa mfano hapo juu unatoa funzo la wazi: mchezaji huyo anahitaji kujifunza mpango wa farasi wa a5 baada ya 6.d3, siyo kutafuta ulinzi mwingine.

8. Amua, kisha usibadilishe mapema

Anayecheza Mweupe na wapinzani wake bado wanakula 5...Nxd5 aendelee na 4.Ng5 bila haya, huku akijifunza 8.Bd3 taratibu kwa ajili ya siku watakapoacha. Naipendekeza 8.Bd3 kuliko 8.Be2 kwa mchezaji wa kawaida kwa sababu haimpi Mweusi ile e4 inayomrukisha farasi huku na huko. Mweupe asiyependa kulinda askari wa ziada chini ya mashambulizi, atumie 4.d3 na kuuacha mkondo huu kabisa. Si aibu, wachezaji wakubwa wengi wanaicheza.

Anayecheza Mweusi ana uamuzi wa tabia zaidi kuliko wa nadharia. Kama kucheza ukiwa na askari pungufu kunakunyima raha, 5...Na5 itakutesa hata kama injini inaibariki, na 3...Bc5 badala ya 3...Nf6 inaikwepa 4.Ng5 yote, kwa kuwa malkia wako wa d8 atakuwa anautazama mraba wa g5 bila kizuizi. Kama una subira ya kujenga shinikizo bila kulipwa mara moja, baki na Na5, na usiuhukumu mkondo kabla jedwali lako halijafika michezo 30 hivi. Hata hiyo 30 ni kidogo kwa asilimia, lakini inatosha kwa safu ya pili: utakuwa umeshajua wapinzani wako wanatoka njiani wapi, na hapo ndipo pa kuanzia kusoma.